General China: Msee Aliyeingia Jela ya Turkana Akiwa Jenerali, Akatoka Akiwa Mwanafunzi

Kama wewe ni wa Katilu, ama umewahi kupitia huko ukielekea juu, unaijua hiyo safari. Unashika lami ya Kitale kwenda Lodwar, unapita Kalemngorok, unapita Lokichar, jua linakuchoma kupitia dirisha la mat, na ukiona Lodwar unadhani umemaliza. Bado, buda. Kutoka Lodwar sukuma tena zaidi ya kilomita 150 kuelekea kaskazini, mpaka unusie Ethiopia. Hapo ndio Lokitaung.

Mkoloni alipotaka kumsahaulisha mtu, alimtupa huko. Hakuhitaji ukuta mrefu. Jangwa lenyewe lilikuwa ukuta. Ukihepa, unahepa ukienda wapi?

Story ya Mzee Jomo Kenyatta kufungwa huko Lokitaung na baadaye kuwekwa Lodwar umeisikia chuo, labda ukaifanyia mtihani halafu ukaisahau. Lakini kulikuwa na mfungwa mwingine huko ambaye story yake huwa inapitwa haraka. Jina lake Waruhiu Itote. Wasee wa msituni walimjua kama General China.

Leo tunamwongelea yeye, na si kwa sababu ya bunduki. Story za bunduki zimejaa. Tunamwongelea kwa sababu alifanya kitu ambacho wengi wetu tunakiogopa kuliko risasi: alifika umri wa mtu mzima, akakuta ule mtu aliyekuwa akijivunia kuwa haitoshi tena, na badala ya kung'ang'ana naye akaanza upya kutoka A, B, C. Kihalisi.

Kijana wa Nyeri ndani ya Burma

Itote alizaliwa mwaka wa 1922 huko Kaheti, Nyeri. Masomo yake yalikuwa kidogo tu. Alikuwa kijana wa kawaida wa ushago enzi za mkoloni: kipande shingoni, kazi za kuokoteza, na ndoto ya kushika doh mjini.

Vita Kuu ya Pili vikaja. Mwaka wa 1942, akiwa na miaka kama 20, akajiunga na King's African Rifles, lile jeshi la Waingereza lililojaa Waafrika. Wakamvusha bahari, akapitia Ceylon na India, kisha akatupwa Burma kupigana na Wajapani. Vikosi vya Afrika Mashariki ndivyo vilisukuma adui kwenye bonde la Kabaw mwaka wa 1944, mvua ikinyesha kama haina siku ya kuisha, matope magotini, malaria ikiangusha wasee sawa na risasi.

Sasa fikiria kidogo. Umekua ukiambiwa mzungu hashindwi, mzungu haogopi, mzungu si mtu wa kawaida. Halafu mko handaki moja naye, mabomu yanaanguka, na unamwona akitetemeka vile vile unavyotetemeka wewe. Damu yake ni nyekundu. Hiyo picha ukishaiona haifutiki.

Na si hilo tu. Huko Asia, Itote alipiga story na wanajeshi wengine, mmoja wao Mmarekani mweusi aliyemfungulia macho kuhusu Haiti, nchi ambayo watumwa walipigana na Wafaransa wakashinda wakajitawala. Wahindi nao walikuwa karibu kuchukua nchi yao. Itote akajiuliza swali ambalo wanajeshi wengi weusi walijiuliza: hivi mimi napigania nini hapa? Uhuru wa nani?

Hayo ndiyo mabadiliko yake ya kwanza. Aliondoka nyumbani akiwa kijana wa kupokea amri, akarudi akiwa mtu anayeuliza maswali. Lakini akiwa na miaka 20 na kitu, kubadilika ni rahisi. Bado hujajenga jina, hakuna mtu anayekutegemea ubaki vile ulivyo. Kibarua kigumu kilikuwa mbele.

Jina China linazaliwa

Vita viliisha 1945. Wanajeshi wazungu wengi walirudi wakapata mashamba na mikopo. Wanajeshi weusi walirudi wakapata kipande kile kile, ubaguzi ule ule, na kazi za mshahara wa kukudhihaki. Itote akaishia reli, akitia moto kwenye injini za garimoshi. Msee aliyepigania taji la mfalme Burma, sasa anachochea makaa ili treni isonge.

Akaingia siasa. Akajiunga na Kenya African Union, akawa pia ndani ya mbogi ya Forty Group, vijana wa Nairobi wenye hasira ambao wengi wao walitahiriwa mwaka wa 1940, na baadhi walikuwa wametoka vitani kama yeye. Akala kiapo. Na mnamo Agosti 1952, hata kabla ya gava kutangaza hali ya hatari mwezi wa Oktoba, Itote alikuwa ashaingia msitu wa Mlima Kenya na kikundi kidogo cha watu.

Huko ndiko jina General China lilishika. Wakati Dedan Kimathi na Stanley Mathenge walikuwa Nyandarua, China ndiye aliyesimamia upande wa Mlima Kenya. Mafunzo aliyopewa na Waingereza Burma, sasa akayageuza dhidi yao: kulinda kambi, kupanga doria, kuweka nidhamu, kujua nani yuko wapi na risasi ngapi zimebaki. Kikundi kidogo kikawa maelfu ya wapiganaji chini ya amri yake.

Angalia hiyo kitu na macho ya mtaani. Huyu ni kijana asiye na cheti, aliyekuwa anachochea makaa jana. Leo maelfu wanamsikiza. Gava ya Uingereza inamtafuta. Jina lake likitajwa, makarao wanaingiza baridi. Ukipata heshima ya namna hiyo ukiwa na miaka 30, utakubali kweli kuwa kitu kingine chochote? Wewe ni General. Full stop. Hapo ndipo watu wengi huishi maisha yao yote.

Siku jenerali alipokamatwa

Tarehe 15 Januari 1954, kukawa ngori. Kwenye mapigano Nyeri, Itote alipigwa risasi akajeruhiwa shingoni, akaishia mikononi mwa adui. Wa kwanza kumkalia kitako alikuwa Ian Henderson, polisi mzungu aliyekulia miongoni mwa Wakikuyu na kuongea lugha yao kama mwenyeji. Alimhoji kwa saa 68. Hebu hesabu: karibu siku tatu za maswali, na kidonda shingoni.

Kesi ikafuata haraka. Kosa lilikuwa kukutwa na risasi mbili na kushirikiana na watu wenye silaha. Mnamo Februari 1954 akahukumiwa kifo. Siku hizo kamba haikuwa mchezo. Wakenya zaidi ya 1,000 walinyongwa na serikali ya kikoloni katika miaka ya hali ya hatari.

Halafu ikaja ile sehemu ya story ambayo mpaka leo inagawanya watu. Gava ikampa ofa: tusaidie kuongea na wenzako msituni, watoke, vita viishe. Itote akakubali. Akaandikia viongozi wenzake barua, baadhi wakatoka kuongea. Hukumu yake ya kifo ikabadilishwa ikawa kifungo cha maisha. Lakini mwezi wa Aprili mazungumzo yakavunjika: jeshi likashambulia wapiganaji waliokuwa wamekusanyika, wengine wakauawa, waliobaki wakarudi msituni wakiamini wamewekewa mtego.

Hatutakudanganya hapa. Kuna wapiganaji waliokufa wakiamini China aliwauza ili aokoe shingo yake. Kuna wengine walioamini aliona vita vinamaliza watu wake, akajaribu mlango uliokuwepo. Yeye mwenyewe alishikilia hadi mwisho kwamba hakuwa msaliti. Wewe unaweza kusoma ukaamua, lakini angalia alikoachwa: msituni haaminiki tena, kwa wazungu ni mfungwa wa maisha. Cheo cha General kimebaki jina tu. Ana miaka 32 na kila kitu alichojenga juu yake kimebomoka ndani ya miezi mitatu.

Wakamtia kwenye safari ya kaskazini. Lokitaung.

Darasa la jangwani

Kule alikuta wasee wakubwa wa siasa: Kenyatta, Bildad Kaggia, Paul Ngei, Fred Kubai na Kung'u Karumba, waliokuwa wamehukumiwa Kapenguria tarehe 8 Aprili 1953, miaka saba na kazi ngumu. Achieng Oneko, aliyehukumiwa pamoja nao, alishinda rufaa lakini gava bado ikadinda kumwachilia, ikamfungia kwingine.

Maisha ya Lokitaung yalikuwa jua, mawe, na siku zinazofanana. Kwa sababu ya umri, Kenyatta aliondolewa kazi ngumu akawekwa jikoni kupikia wenzake. Ndiyo, rais wa kwanza wa Kenya alikuwa mpishi wa jela Turkana. Na si kwamba walipendana wote. Kulikuwa na mgawanyiko mkali, wengine wakamtenga Mzee kabisa. Itote akasimama upande wake.

Na hapo jikoni ndipo kitu kikaanza. Kenyatta akamfundisha Itote Kizungu.

Usiipite hiyo sentensi haraka. Kiswahili Itote alikuwa nacho, ndicho kilichokuwa lugha ya jeshi la KAR. Lakini Kizungu cha kusoma na kuandika kwa kujiamini, hapana. Na huyu si kijana wa darasa la tatu. Ni mtu mzima, mwanajeshi wa vita viwili, aliyeamuru maelfu. Sasa anakaa chini kama mtoto, anakosea spelingi, anarekebishwa, anarudia. Mbele ya wafungwa wengine wanaojua yeye ni nani.

Unajua kinachozuia watu wazima kujifunza si ubongo. Ni aibu. Ukiwa mtoto, kukosea ni kazi yako. Ukiwa mtu mzima mwenye jina, kukosea unakuona kama kuvuliwa nguo. Ndiyo maana fathee wako anaweza kukwama na simu mwaka mzima badala ya kukuuliza swali moja. Ndiyo maana fundi wa miaka 45 anakataa mashine mpya, anasema zile za zamani ndizo zilikuwa kazi. Si mashine anayoikataa. Anakataa kuonekana hajui, baada ya miaka ishirini ya kuwa ndiye anayejua.

Itote angeweza kukaa Lokitaung akipiga story za Mlima Kenya mpaka kifungo kiishe. Angepata wa kumsikiliza. Lakini General hakuwa na kazi Lokitaung. Hakukuwa na msitu, hakukuwa na jeshi. Mtu pekee aliyekuwa na kitu cha kufanya kule alikuwa mwanafunzi.

Na mwalimu wake alikuwa saizi yake kabisa. Kenyatta naye alianza upya akiwa mkubwa. Yule jamaa aliyekuwa akisoma mita za maji Nairobi alijikuta London kwenye miaka ya 1930, akiwa ashakuwa mtu mzima, ameketi darasani akisoma anthropolojia chini ya profesa Malinowski, na mwaka wa 1938 akatoa kitabu. Hata alishaonekana kama mtu wa pembeni kwenye filamu ya Sanders of the River, kwa sababu kodi ya keja London haijilipi. Kwa hivyo hapo jikoni Lokitaung hakukuwa na mwalimu wa kumcheka mtu mzima anayeanza. Alikuwa anaijua hiyo aibu.

Turkana inaijua hii story

Kama unatoka Katilu, hii huhitaji kufafanuliwa. Kwa Mturkana, mifugo si mali tu, ni jibu la swali wewe ni nani. Ng'ombe, mbuzi na ngamia ndio mahari, ndio jina, ndio sauti yako kwenye baraza la wazee chini ya mti. Sasa ukame unakuja, unafagia zizi lote. Mzee wa miaka 45 anaamka asubuhi akiwa hana hata mbuzi. Kando yake kuna mto Turkwel na mifereji ya mashamba ya umwagiliaji ya Katilu. Kuna mtu anampa jembe.

Wapo waliodinda. Waliona kulima ni kazi ya watu wengine, ni kukubali kwamba umekuwa maskini. Wakangoja mifugo irudi. Na wapo walioshika jembe, wakapanda mahindi na mtama, mikono ikitoka malengelenge kama ya mtoto anayeanza. Hawakuacha kuwa Waturkana. Wakipata faida, wengi bado wananunua mbuzi. Lakini watoto walikula wakati wa kungoja.

Panda juu zaidi, fika Kakuma. Tangu kambi ifunguliwe 1992, imepokea watu waliokuwa walimu, madaktari, wafanyabiashara, maofisa huko kwao Sudan Kusini, Somalia, Congo. Wakishuka kwenye lori, cheti kinabaki karatasi. Ukienda pale leo utakuta biashara mpaka za mitumba na video, na nyuma ya kaunta kuna mtu ambaye maisha yake ya kwanza yalikuwa kitu kingine kabisa. Kila mmoja wao alipitia asubuhi ile ya kukubali kwamba jina la zamani halilipi bili ya leo.

Kwa hivyo Itote hakuwa wa kwanza wala wa mwisho kuvuliwa cheo na hiyo ardhi.

Jenerali anarudi kuwa kuruta

Itote alikaa kifungoni na kizuizini mpaka 1962. Aliingia akiwa kijana wa miaka 30 na kitu, akatoka akikaribia ama akiwa ameshika 40. Kenya ilikuwa inanusa uhuru. Yule mwalimu wake wa jikoni alikuwa ametolewa Lokitaung Aprili 1959, akawekwa Lodwar ambako Mama Ngina alienda kukaa naye, akapelekwa Maralal 1961, na Agosti mwaka huo akaachiliwa. Sasa alikuwa anaelekea kuwa Waziri Mkuu.

Ungedhani General China angepewa jeshi. Kihistoria si kitu cha ajabu: mpiganaji wa msituni anatoka, anavikwa nyota, anapigiwa saluti. Haikuenda hivyo. Jeshi la Kenya huru lilibaki na maofisa wake waliofundishwa na Waingereza. Itote akapelekwa Israel kwa mafunzo ya uofisa.

Jiweke hapo. Umeamuru maelfu ya watu kwenye mlima bila mtu kukufundisha uongozi darasani. Sasa una karibu miaka 40, mwili una kovu la risasi, na uko kwenye mafunzo na vijana, unapangwa mstari, unaamshwa alfajiri, unafundishwa na watu ambao labda hawajawahi kusikia Mlima Kenya. Kila kitu ndani yako kinasema: hawa wanajua mimi ni nani kweli?

Hapo ndipo wengi hugeuka. Na si lazima uwe jenerali. Umekuwa DJ mkubwa wa mtaa, sasa unaambiwa ujifunze programu mpya na kijana wa miaka 19. Umekuwa dere wa mat miaka kumi na tano, sasa nganya zimebadilika. Ulikuwa mchezaji wa timu ya mtaa, goti likafa, sasa ni kuwa kocha wa watoto ama kukaa nje ya uwanja ukiwatukana. Yule msee wa zamani ndani yako anapiga meza, anataka heshima yake kwanza.

Itote alimaliza mafunzo.

Bosi mdogo, na alikuwa upande ule mwingine

Mwaka wa 1964 gava mpya ikaanzisha National Youth Service, ile NYS unayoijua wewe. Shida ilikuwa wazi: nchi huru, vijana wamejaa, kazi hakuna, na miongoni mwao wapo waliotoka msituni na mabawa ya vijana wa siasa. Wakusanye, uwape nidhamu, chakula, ufundi, na kazi ya kujenga nchi. Gilgil kukawa nyumbani kwa mafunzo yao.

Mkurugenzi wa kwanza alikuwa Geoffrey Griffin. Ndiyo, huyo huyo wa Starehe Boys. Mzungu aliyezaliwa Eldoret mwaka wa 1933, aliyetumikia KAR kama ofisa wakati wa hali ya hatari, upande uliokuwa ukiwinda Mau Mau, kabla ya kukiacha kile alichokuwa anakifanya, kugeukia watoto wa mitaani na kuanzisha Starehe mwaka wa 1959.

Na naibu wake kwenye uongozi wa NYS akawa nani? Waruhiu Itote.

Piga hesabu tena. Bosi ni mdogo kwa miaka kumi na moja. Bosi ni mzungu. Bosi miaka kumi tu iliyopita alikuwa kwenye jeshi lililokuwa likitafuta kichwa chako. Na wewe ni General China.

Hapa ndipo tunaweza kuona uzito wa alichofanya, kwa sababu si Itote peke yake aliyelazimika kubadilika. Griffin naye ilibidi aache kumwona gaidi, aone mwenzake wa kazi. Wote wawili walikuwa na sababu nzuri ya kukataa. Kama mmoja wao angeng'ang'ania picha ya 1954, ile ofisi ingekuwa uwanja wa vita. Badala yake wakakaa pamoja, wakalea vijana ambao wengi hawakujali nani alikuwa upande gani. Walitaka viatu, chakula na ufundi wa kuendesha tingatinga.

Itote hakukaa hapo mwaka mmoja akasepa. Alikaa hadi miaka ya 1980, karibu miaka ishirini. Angalia muda wenyewe: msituni alikuwa jenerali kwa chini ya miaka miwili. Kulea vijana alikaa mara kumi ya hiyo. Lakini ukiuliza mtu leo General China ni nani, atakuambia ile miaka miwili.

Kalamu ya mfungwa

Mwaka wa 1967, akiwa na miaka 45, Itote akatoa kitabu. Kwa Kizungu. Kinaitwa Mau Mau General, na ndani yake anasimulia maisha yake tangu utotoni, Burma, msitu, kukamatwa, jela. Mwaka wa 1979 akaongeza cha pili, Mau Mau in Action.

Sasa rudi Lokitaung kidogo. Ile lugha aliyofundishwa akiwa mtu mzima, kwenye joto la jela, akikosea mbele ya watu, ndiyo aliyotumia kujibu mashtaka yote. Wazungu walikuwa wameandika vitabu kumhusu yeye na wenzake, wakiwaita washenzi na majambazi. Angebaki kuwa General tu, angekuwa na hasira na hana jibu. Mwanafunzi wa Lokitaung ndiye aliyempa General sauti.

Na wakati wenyewe haukuwa laini. Kenyatta alikuwa anahimiza nchi isahau yaliyopita. Mau Mau kisheria ilibaki kundi lililopigwa marufuku, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi 2003. Kwa hivyo mtu aliye kwenye kazi ya serikali kuandika jina Mau Mau kwenye jalada, na kujiita General hapo hapo, haikuwa kitu kidogo.

Hapa kuna kitu cha kushika. Itote hakumtupa yule msee wa zamani. Hakujifanya hakuwahi kuwa msituni, hakubadilisha jina ili apendeze. Alimweka kwenye kitabu, akampa nafasi yake, akafunga jalada, asubuhi akaenda kazini kama afisa wa vijana. General alikuwa sehemu yake. Hakuwa bosi wake.

Isiwe hadithi tamu sana

Tusiimalize kama sinema. Kuna upande mwingine lazima uujue.

Wapiganaji wengi waliotoka msituni hawakupata Israel, hawakupata NYS, hawakupata ofisi. Walitoka wakakuta mashamba yao yashagawanywa, wakazeeka wakiwa hawana hata kipande cha ardhi waliyoipigania. Kaggia, aliyekaa na Itote kule Lokitaung, alidinda kunyamaza kuhusu ardhi hiyo na akalipa gharama kubwa kisiasa. Kwa watu hao, kuambiwa badilika, songa mbele, ilisikika kama kuambiwa sahau deni lako. Na deni lilikuwa la kweli.

Kwa hivyo kubadilika peke yake si dawa ya kila kitu. Itote alikuwa na bidii, ndiyo, lakini pia alikuwa amekaa jikoni na mtu aliyekuja kuwa rais. Si kila mtu ana mlango huo. Ukimwambia mzee aliyepoteza ng'ombe wote kwamba abadili mawazo tu, bila maji kwenye mfereji, bila mbegu, unamchezea akili.

Lakini kuna nusu ambayo ni yako. Mlango ukifunguka, nani ataingia? Kama ni yule wa zamani pekee anayejua kupokea saluti, atakaa nje akingoja mtu ampigie.

Waruhiu Itote alifariki mwaka wa 1993, akiwa na miaka kama 71. Alikuwa ameshakuwa mchochea makaa, mwanajeshi wa mfalme, adui wa mfalme, mfungwa wa kunyongwa, mwanafunzi, kuruta wa uzeeni, mlezi wa vijana na mwandishi. Wengine walikufa wakimwita shujaa, wengine msaliti. Yeye aliendelea na kazi iliyokuwa mbele yake.

Wewe unayesoma hii labda una miaka 24, unafikiri midlife ni story ya wazae. Lakini jichunguze kidogo. Ni mara ngapi ushasema mimi si mtu wa hesabu, mimi si mtu wa kuongea mbele za watu, mimi ni msee wa mtaa tu, hiyo si yangu? Nani alikuambia, na ulikuwa na miaka mingapi? Huenda unaishi chini ya amri ya mtoto wa miaka 14 aliyefeli mtihani mmoja.

Na kama kuna fathee, mathee ama auntie nyumbani mwenye miaka 45 anayetaka kurudi chuo, kujifunza kompyuta, kuanza biashara ama kulima kwa mara ya kwanza, usimcheke akikosea. Kaa naye. Mrekebishe polepole. Hujui ataandika nini na hiyo lugha unayomfundisha.